PS5 sebuleni kwangu Tabata: picha kali, pedi ya pili haina kazi

Picha za PS5, mashine ya gemu ya Sony, ni kali, tena kali kwelikweli. Naliweka hilo mezani mapema asije akatokea mtu kuniambia sijui kizuri. Dimbwi la mvua barabarani linaonyesha taa za magari, nywele zinapepea unywele mmoja mmoja, na mchezaji anayejiandaa kupiga penalti unaliona jasho linavyomtiririka shingoni. Sasa njoo kwangu Tabata Kimanga Jumamosi jioni. Wanangu wawili wapo, mdogo wangu wa kiume yupo, wapwa zangu wamekuja kutoka Mbagala, TV ni moja. Mashine ya milioni na ushee inachezwa na mtu mmoja, wengine wote wamekaa nyuma yake wakimwombea afe wapokezane.

Nimekaa nayo muda wa kutosha na haya ni maoni yangu kama mteja. Mimi si wa kusema gemu za zamani ndizo zilikuwa gemu. Ninachosema ni kwamba nguvu iliyoongezwa kwenye hizi mashine kwa miaka kama ishirini sasa imekwenda kwenye picha na kwenye gemu za bunduki za kucheza kwa intaneti. Na kilichotupwa njiani ni kile tulichokuwa tunakitumia zaidi sisi wa sebule moja: watu wawili, pedi mbili, kioo kimoja.

Niliinunua Kariakoo. Kijana wa dukani alimwelezea mdogo wangu sifa zote, mimi mwenye hela nikawa msindikizaji. "Bro, hii ni 4K, fremu 120, mwanga unaakisi mpaka kwenye macho ya mtu." Nikamkatisha.

"Humu gemu zipi zinachezwa na watu wawili?"

"Dada, FIFA hiyo."

"Nyingine?"

"Tekken. Mortal Kombat."

"Isiyo ya kupigana?"

Akamtazama mdogo wangu kuomba msaada, kisha akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, siku hizi watu wanacheza onlaini."

Haya, onlaini. Ili mdogo wangu acheze na rafiki yake wa Segerea, kila mmoja awe na mashine yake, TV yake, CD yake au akaunti iliyonunua hiyo gemu. Akaunti yenyewe, ukifika kwenye orodha ya nchi Tanzania haimo, kwa hiyo nusu ya mji huu kwa PlayStation ni Wamarekani na iliyobaki ni Waingereza. Gemu nyingi za kulipia haziruhusu kucheza na watu mtandaoni bila PS Plus (usajili wa kulipia wa Sony), na kadi ya PS Plus lazima iwe ya nchi ya akaunti yako. Halafu bando. CD ya gemu ya bunduki, Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, toleo la PS5, ilikuwa na megabaiti zisizofika 100. Megabaiti, siyo gigabaiti. Umelipa zaidi ya laki, umebeba boksi mpaka nyumbani, na ulichobeba ni ruhusa ya kwenda kupakua magigabaiti kwa mamia ya elfu za bando. Mwenye waya wa intaneti ya mwezi hapo anaweza akaniona nalalamika bure. Wengi tunatumia simu.

Sasa niseme kilichonifurahisha, maana kipo. Mashine inakuja na gemu ndogo ndani yake, Astro's Playroom, bure, haitaki CD. Ni karoboti keupe kanakotembea ndani ya mashine yenyewe. Binti yangu alipokapitisha juu ya chuma, pedi ikawa inamgonga viganjani, ti, ti, kushoto kisha kulia, kufuata mguu unaokanyaga. Kalipoingia mchangani mgongano ukageuka mkwaruzo. Ikaja mvua, na matone unayapata mikononi, mepesi, yametawanyika. Kuna mahali karoboti kanavaa springi ya chura: triga, kile kitufe cha nyuma ya pedi, inakuwa ngumu, unaikandamiza pole pole, yenyewe inakusukuma kidole, ukiachia karoboti kanaruka. Kuna feni unaipuliza kwa mdomo wako, maikrofoni ya pedi inasikia, feni inazunguka. Binti alipuliza kwa nguvu zake zote mpaka mdogo wake akaja kunishtaki, "Mama, dada anaitemea pedi."

Hiyo ni kazi mpya kabisa. Nimeshika mashine nyingi za gemu, hiyo sijawahi kuipata. Ukishaimaliza, weka gemu nyingine yoyote kubwa uone. Bomu likilipuka pedi inatetemeka, basi, kama zilivyokuwa zinatetemeka pedi za PS1 tangu 1997. Zipo zinazojitahidi. Returnal ya 2021 ni gemu ya risasi tupu, lakini triga moja ukiikandamiza nusu unalenga, ukiizamisha yote unapata silaha nyingine, na baada ya nusu saa kidole chako kinajua chenyewe. Call of Duty nayo imezipa bunduki zake triga zenye ugumu tofauti, ila wanaocheza kwa kushindana wengi wanaizima hiyo kitu, maana triga ngumu inawachelewesha. Sababu ya wengine kutohangaika iko wazi: gemu kubwa inatengenezwa iuzwe PS5, Xbox ya Microsoft na kompyuta kwa mpigo. Nani atalipa watu wakae miezi wanatengeneza matone ya mvua ya pedi ya mashine moja?

Waliotengeneza karoboti wanaitwa Team Asobi, wako Tokyo. Walikuwa tawi la studio kubwa ya Sony, Japan Studio, ambayo Sony iliivunja mwaka 2021 na kuwabakiza wao. Hiyo studio ndiyo iliyokuwa nyuma ya gemu kama Ico, Shadow of the Colossus, LocoRoco na Patapon. Patapon naikumbuka vizuri kwa sababu binamu yangu alikuja nayo kwenye PSP, mashine ya Sony ya kushika mkononi: jeshi la vijitu vyeusi vyenye jicho moja, unaliongoza kwa kupiga ngoma. Kila kitufe ni ngoma yake, ukipatia mdundo wanasonga wakiimba, ukikosea wanasimama wanakukodolea. Nyumba nzima tulikuwa tunaimba ule wimbo jikoni. Gemu ya vivuli vyeusi, na hakuna aliyeuliza ina picha gani.

Mwaka uliofuata, Februari 2022, Sony ikatangaza kwamba inataka kutoa gemu zaidi ya 10 za aina ile isiyokwisha, unaingia kila siku, unanunua nguo za askari wako, msimu ukiisha unaanza mwingine, zote ziwe zimetoka kufikia Machi 2026. Mwaka huohuo ikainunua Bungie, mabingwa wa gemu za risasi, kwa dola bilioni 3.6. Baadaye mpango ukapunguzwa nusu. Na Agosti 23, 2024 ikatoka mojawapo, Concord, gemu ya risasi ya mashujaa dhidi ya mashujaa, kwa dola 40. Septemba 6 ilikuwa imeshaondolewa na watu wanarudishiwa hela zao. Wiki mbili! Mwezi Oktoba studio iliyoitengeneza ikafungwa.

Sasa angalia kalenda. Septemba 6, 2024, siku ileile Concord inazimwa, ndiyo siku aliyotoka Astro Bot, gemu kamili ya karoboti ketu, kazi ya timu ya watu kama 60, na Desemba ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Ningekuwa mkurugenzi pale Sony ningeibandika hiyo tarehe ukutani. (Naye Astro Bot ni wa mtu mmoja. Nilipogundua nilinuna, nikainunua hivyohivyo.)

Kwa hiyo, je, hawa wenye mashine wanazipendelea gemu za bunduki? Fuata hela. Kwenye kila gemu inayouzwa dukani kwao mtandaoni, na kila kinguo cha askari kinachonunuliwa humo, mwenye mashine kwa kawaida anachukua kama asilimia 30. Gemu ya kuimba na ngoma unainunua mara moja. Gemu ya bunduki ya onlaini unainunua kila wiki bila kujua. Microsoft walitoa dola bilioni 68.7 kuichukua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, wakakamilisha Oktoba 2023, na kabla ya hapo Sony ilipambana mbele ya wasimamizi wa ushindani wa biashara, hoja yake kubwa ikiwa Call of Duty, kwamba ikifungiwa upande mmoja wao wameumia. Kampuni mbili kubwa duniani zilizigombania bunduki hizo kwa wanasheria. Siwezi kukumbuka zilipogombania ngoma.

Lakini turudi kwenye kioo kimoja, maana hapa ndipo picha kali inapoingia kwa kosa. Watu wawili wakicheza kwenye TV moja iliyogawanywa, mashine inalazimika kuuchora ulimwengu mara mbili, kutoka sehemu mbili, kila sekunde mara 30 au 60. Ukishatumia nguvu zote kuchora dimbwi na jasho la mtu mmoja, wa pili humuwezi. Halo ilikuwa gemu ya bunduki ya kucheza ndugu wawili kwenye kochi, ndiyo iliyoijenga Xbox. Halo 5 ya mwaka 2015 ikatoka bila kugawa kioo, sababu ikiwa hiyohiyo ya kubana nguvu ili picha ziende fremu 60 kwa sekunde. Halo Infinite waliahidi kuirudisha kwenye hadithi yake, 2022 wakasema basi. Baldur's Gate 3, ambayo si ya bunduki kabisa, ilichelewa kufika Xbox kwa sababu ile mashine ndogo, Series S, ilishindwa kugawa kioo, na ilipofika Desemba 2023 Series S ikanyimwa hicho kipengele, ikaja kukipata 2025. Hakuna kikao kilichokaa kutuchukia sisi wa Tabata. Kila mara ilipofika pa kuchagua nini kikatwe, alikatwa wa pili.

Mtu ataniambia Fortnite inagawa kioo. Ni kweli, kwenye PlayStation na Xbox watu wawili wanacheza pamoja. Kwa intaneti.

Na kuna It Takes Two ya 2021, ambayo huwezi hata kuianza peke yako. Lazima muwe wawili, na kila sura mnapewa vitu tofauti: huyu ana msumari, yule ana nyundo, huyu anapiga msumari ukutani ili yule aning'inie. Tuliicheza mimi na mdogo wangu tukagombana vizuri sana. Ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka 2021 na kuuza mamilioni, na aliyeitoa sokoni ni EA, walewale wa FIFA. Kwa hiyo hiyo hoja kwamba watu hawanunui gemu za namna hii, mimi siipokei.

Kwenye kabati langu kuna Wii ya mtumba, mashine ya zamani ya Nintendo, imetoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Ina zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, rimoti zake zinakula betri za duka la Mangi, na picha yake haifiki hata HD, ni 480 tu, kwenye TV yangu inaonekana kama imepakwa mafuta ya mgando. Ramadhani mama yangu alikuja kutoka Korogwe. Baada ya futari wajukuu wakamwekea boling, mchezo wa kuangusha vigingi kumi kwa mpira.

"Hii naishikaje?"

"Bibi, ishike hivyo, halafu fanya unatupa mpira. Usiiachie tu!"

Akakaza khanga kiunoni, akatupa, vyote kumi chini. Mama yangu hajawahi kushika pedi ya gemu maishani mwake. Pedi ya PS5 ukimpa anaigeuza geuza kuhesabu vitufe kisha anakurudishia. Hii hakuna aliyemfundisha zaidi ya sentensi moja. Akamfunga mdogo wangu, yeye wa 4K na fremu 120, akamfunga tena, akaniambia leo tarawehe tutachelewa.

Wii ilitoka 2006 kwa dola 250 huko Marekani, wakati PS3 ya bei ya chini ilikuwa dola 499. Iliuza zaidi ya milioni 101, ikawaacha PS3 na Xbox 360 nyuma, wakati zenyewe ndizo zilizokuwa na picha. Lakini tusiwavishe Nintendo kilemba cha utakatifu. Mashine yao ya kabla ya hapo, GameCube, ilikuwa na nguvu na iliuza kama milioni 21 tu, PS2 ikauza zaidi ya milioni 150. Walibuni kwa sababu walikuwa wamebanwa ukutani. Waliposhiba wakatoa Wii U mwaka 2012, yenye kioo kwenye pedi, kitu ambacho mpaka leo wateja hawajaelewa kilikuwa cha nini, ikauza milioni 13 na nusu. Wakabanwa tena, wakatoa Switch mwaka 2017, zaidi ya milioni 150. Ukitaka kujua nani ataleta kitu kipya, mtafute aliyeshindwa msimu uliopita.

Microsoft nao walijaribu na Kinect, kamera ya kukuona unavyorusha mikono. Wakailazimisha ndani ya boksi la Xbox One mwaka 2013, bei ikapanda dola 100 juu ya PS4, gemu za maana hazikuja, mwaka uliofuata wakaanza kuuza boksi bila hiyo kamera. Hiyo nayo ilikuwa ubunifu, na sikuihitaji. Kwenye sebule ya Kiswahili yenye meza ya kahawa katikati utarukia wapi?

Na sisi wateja? Karibu na kwangu kuna banda la gemu, mashine nne, jero kwa mechi, mshindi anabaki. Nilimuuliza kijana anayelisimamia kwa nini haweki hata siku moja kitu tofauti. Akanijibu kitaalamu kuliko wachambuzi wote niliowasikiliza. Gemu ya banda lazima iishe ndani ya dakika kumi, lazima wawe wawili, na aliyesimama mlangoni na mkate wake mkononi lazima aelewe nani anashinda bila kuelezwa. "Dada, nikiweka ya hadithi, mtu mmoja atakaa masaa matatu kwa buku tano, na wenzake watahamia kwa jirani." Ndiyo maana banda ni FIFA (jina limeshabadilika tangu 2023, mtaani hakuna aliyepata taarifa), Tekken na Mortal Kombat. Gemu za bunduki wanazozipigania huko juu kwa mabilioni, kwenye banda hazimo. Nyingi hazina pedi ya pili. Miaka yote mabanda ya Dar yanatafuta kitu kimoja kwa watengenezaji, na mashine mpya inapofika inawaletea jasho la shingoni, kwenye TV ya inchi 32 yenye ufa pembeni.

Kwa hiyo ununue au usinunue? Kama unaishi peke yako, una intaneti ya mwezi na TV ya maana, nunua, utafurahi, pedi peke yake inastahili. Chukua yenye mlango wa CD, usishawishiwe na isiyo nao kwa ajili ya nafuu ya bei. CD ukiichoka unaiuza au unabadilishana na mwenzio, gemu ya kupakua inakufa na akaunti yako ya Kimarekani. Hiyo PS5 Pro ya Novemba 2024, ilitoka kwa dola 700 huko kwao na mlango wa CD haina, unanunua kando, mimi sioni inamsaidia nani hapa kwetu. Kama una PS4 na watoto ni wengi, baki nayo, nunua pedi ya pili na It Takes Two, inacheza humo humo.

Mimi sasa naiwinda Switch ya mtumba, kwa sababu moja tu: ndani ya boksi lake pedi inachomoka pande mbili na kila upande ni pedi kamili, watu wawili wanaanza siku hiyohiyo bila kuongeza hela, na Mario Kart wanacheza wanne kwenye TV moja. Gemu zake hazishuki bei, hilo nalijua. Kuna muuzaji mmoja wa Kariakoo ananiambia nisubiri mwezi ujao mzigo ukija atanipunguzia. Mdogo wangu anasema picha zake mbaya. Nimemwambia akamwambie mama.